Je, wajua kwa nini suti ya sufu huvumilika kwenye joto la pwani kuliko suti ya poliesta?

Ukiingia katika ukumbi wa harusi Dar es Salaam mwezi wa Februari, feni zikizunguka bila kuleta nafuu yoyote, utamtambua bwana harusi aliyevaa poliesta hata kabla hujaisoma lebo ya koti lake. Kitambaa kimemganda mgongoni, kola ya shati imelowa, na leso haimtoki mkononi. Akiulizwa atasema kwamba suti ndivyo ilivyo, ni vazi la nchi za baridi. Ukimwambia kwamba angevaa sufu angepata ahueni, atadhani unamtania, kwa maana sufu kwa wakazi wengi wa pwani ni blanketi, sweta ya kuendea Njombe na kofia ya mtoto mchanga. Hata hivyo dai hilo ni la kweli, ila lina masharti.

Unyuzi wa sufu umeumbwa kwa keratini, protini ile ile inayojenga nywele na kucha zetu. Kwa nje umefunikwa na magamba madogo yasiyopenda maji, ndiyo maana tone la chai likidondoka juu ya koti la sufu hukaa kitambo kama umande kabla halijapenya. Lakini kwa ndani unyuzi huo unaupenda mvuke kupita kiasi. Sufu inaweza kubeba mvuke unaokaribia asilimia 30 ya uzito wake bila mvaaji kuhisi kwamba nguo imelowa. Poliesta, ambayo ni zao la mafuta ya petroli na iliyobuniwa Uingereza mwaka 1941 na wanakemia John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, haifikishi hata asilimia 1. Pamba na kitani ziko katikati.

Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa mwili, kwa sababu jasho halimpozi mtu kwa kutoka tu, bali kwa kukauka. Jasho likigeuka mvuke huondoka na joto la ngozi. Lakini mvuke ukikosa pa kwenda, hewa iliyofungwa kati ya shati na koti hujaa unyevu, na jasho linalofuata hubaki maji yanayotiririka. Sufu huupokea mvuke huo na kuutoa upande wa nje polepole, ilhali poliesta huuacha usubiri tundu la kutokea. Sisemi kwamba sufu inaleta baridi. Tena inaponyonya mvuke yenyewe hutoa joto kidogo, kwa hiyo anayetoka katika ofisi yenye kiyoyozi na kuingia barabarani huenda akahisi koti likimpasha kwa dakika chache za mwanzo. Faida yake ni ukavu, na aliyewahi kukaa saa tatu kwenye hafla anajua kwamba ukavu ni nusu ya starehe.

Sasa tuje kwenye masharti, na la kwanza ni ufumaji, ambalo kwangu mimi lina uzito kuliko hata jina la malighafi. Sufu nzito iliyofumwa kwa kubana itakuchemsha vilevile. Kitambaa chochote huwa na nyuzi za mtande zinazokwenda urefu, na nyuzi za mshindio zinazopita kwa upana. Zinapopishana moja juu moja chini, kama ukili wa mkeka ulio rahisi kabisa, tunapata ufumaji wa kawaida unaoacha vitundu vya hewa. Zinapopishana mbili mbili kwa kusogea, hutokea mistari ya mshazari, na kitambaa hulala vizuri lakini huwa kimeshonana zaidi. Jaribio lake ni jepesi: dukani, kabla jora halijakatwa, inua ncha ya kitambaa mbele ya taa au mlango wenye mwanga. Ukiona nukta nyingi za mwanga zikipenya, hewa nayo itapenya.

Wafumaji wa Huddersfield, kaskazini mwa Uingereza, walilifahamu jambo hili zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20 kiwanda cha Martin Sons kilitoa kitambaa kiitwacho Fresco, ambacho uzi wake husokotwa kwa nguvu nyingi kisha hufumwa kwa uwazi. Uzi uliosokotwa hivyo huwa mkavu mkononi, karibu kukwaruza, lakini hujikunjua wenyewe baada ya kukaliwa na hauzibi vitundu. Sifa kama hizo zimo katika moheri, manyoya ya mbuzi wa Angora, ambayo mzalishaji wake mkubwa duniani leo ni Afrika Kusini. Sufu ikichanganywa na moheri hung'aa kidogo na husimama imara hata kwenye unyevu. Kwa uzito, vitambaa vya suti vya nchi za joto huwa kati ya gramu 210 na 260 kwa mita moja ya jora lenye upana wa kawaida wa sentimita 150. Muuzaji akikutolea cha gramu 340, mshukuru na umwombe akirudishe kwenye rafu.

Sharti la pili limejificha ndani. Koti la sufu laini lililowekwa bitana ya poliesta kuanzia bega hadi pindo ni sawa na nyumba yenye madirisha makubwa yaliyozibwa kwa nailoni. Mwambie fundi akuwekee bitana nusu tu, yaani mabegani na mikononi ili koti liteleze linapovaliwa, na mgongo uachwe wazi. Na bitana hiyo iwe ya viskosi au kupro, vitambaa laini vitokanavyo na mimea, ambavyo hunyonya unyevu. Kazi hiyo humgharimu fundi muda zaidi, kwa kuwa kila mshono wa ndani unaoonekana lazima ufungwe vizuri, kwa hiyo asipokupunguzia bei usimlaumu. Uliza pia kuhusu kitambaa kigumu kinachosimamisha kifua cha koti: kikiwa kimegandishwa kwa gundi duni, pasi ya moto au maji ya dobi huweza kukiachanisha, na kifua kikatoka malengelenge yasiyotibika.

Watu wengi hubabaishwa na maandishi ya Super 100's, 120's au 150's yaliyofumwa pembeni mwa kitambaa. Namba hizo hazihesabu ubora wa suti wala hazitaji wingi wa nyuzi; zinataja wembamba wa unyoya. Kwa kanuni za biashara ya sufu ya kimataifa, Super 100's ni unyoya wenye unene wa wastani usiozidi mikroni 18.75 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), na kila namba inapopanda kwa 10, kikomo hicho hushuka kwa nusu mikroni. Unyoya mwembamba ni mlaini na wa kupendeza, lakini hukunjamana upesi na huchakaa mapajani na viwikoni. Anayevaa suti kila juma, akapanda daladala na kubeba begi la bega, atafaidi zaidi 100's au 110's kuliko 150's.

Atajuaje kama ni sufu kweli, hasa kwa suti ya mtumba ambayo lebo yake imekwisha kukatwa? Mafundi hutumia kiberiti. Chomoa uzi mmoja ndani ya mshono wa suruali, kwenye akiba isiyoonekana, uushike kwa kibanio na uuchome. Sufu huungua kwa kusitasita, hujizima moto ukiondolewa, hunuka nywele zilizoungua, na majivu yake husagika kati ya vidole. Poliesta huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha punje ngumu kama ushanga. Pamba na kitani huwaka upesi kwa harufu ya karatasi. Uzi ukinuka nywele lakini ukaacha punje, ujue umeshika mchanganyiko, ambao kwa bei nafuu si jambo baya. Poliesta haikunjamani ovyo na hushika mkunjo wa suruali, na ndiyo iliyotupitisha shuleni tukiwa na sare za tetroni zilizotuzidi umri.

Kitani nacho kinafaa pwani, pengine kuliko vyote kwa upoaji, lakini nyuzi zake za mmea hazina mnyumbuko, na zikikunjwa hubaki zimekunjwa. Mwenye kuvaa kitani akubali makunyanzi yake mapema au avae kitu kingine. Katika kuoanisha, kanuni yangu ni moja: mguso ufuate mguso. Koti la kitani au la pamba hukaa vyema na suruali ya kadeti na tai isiyong'aa. Koti la sufu laini la suti, likivaliwa na jinzi, huonekana kama limeazimwa, kwa sababu moja linameta na nyingine ni kavu. Rangi zinaweza kutofautiana kadiri utakavyo. Umbile la kitambaa ndilo linalogombana.

Kuhusu utunzaji, adui mkubwa wa suti ya sufu ni bidii ya kuisafisha. Sufu ikikokotwa ndani ya maji moto magamba yake hushikana na nguo hujikunja isirudi, na dawa za drai klina zikitumiwa kila juma hukausha nyuzi. Baada ya kuvaa, ipige brashi, itundike kwenye henga yenye mabega mapana na uipumzishe walau siku moja. Makunyanzi mengi huondoka yenyewe, kwa kuwa unyevu hulainisha viungo vya ndani ya unyoya navyo hurudi vilivyokuwa. Ikiwa una haraka, itundike bafuni unapooga maji ya moto. Pasi isiguse sufu moja kwa moja, maana hulaza nyuzi na kuacha mng'ao ule wa makalio ya suruali kuukuu. Weka kitambaa cha pamba chenye unyevu katikati, na ubonyeze badala ya kusugua.

Kwa kuhifadhi, nondo wapo, na wanaokula si wale wanaoruka bali mabuu yao, ambao huanzia penye jasho na tone la mchuzi. Kwa hiyo suti inayowekwa kwa miezi mingi isafishwe kwanza, kisha ifunikwe kwa mfuko wa kitambaa cha pamba. Ule mfuko wa nailoni unaorudi nao kutoka kwa dobi uvue siku hiyo hiyo: katika hewa ya Tanga au Mombasa hufungia unyevu ndani, na kabla mvua za masika hazijaisha utalikuta koti lina ukungu kwapani.