Kuvunjika Mfupa wa Paja kwa Watu Wazima: Maswali na Majibu

Mfupa wa paja huvunjika vipi?
Huu ndio mfupa mrefu na imara kuliko yote mwilini. Kwa kijana huvunjika kwa kishindo kikubwa, hasa ajali ya barabarani au kuanguka kutoka juu, na mara nyingi hukatika katikati. Kwa mzee ambaye mifupa yake imedhoofika, kuteleza bafuni kunatosha, na mara nyingi huvunjika juu, karibu na nyonga.

Mzee ameanguka, lakini hana uvimbe wala jeraha. Si ameteguka tu?
Msiseme hivyo kabla ya picha ya eksirei. Sehemu hiyo imefunikwa na misuli minene, kwa hiyo uvimbe unaweza usionekane kabisa. Mlazeni chali mtazame nyayo: mguu ulioumia ukiwa mfupi kuliko mwenzake, na vidole vimelalia nje, basi karibu hakika amevunjika. Wapo pia ambao ncha za mfupa wao hushikana, wakachechemea kwa siku kadhaa, kisha mfupa ukaachana.

Tumkande kwanza kwa maji ya moto?
Hapana.

Na akichuliwa na mtu mwenye uzoefu?
Hapana vilevile, hata awe na uzoefu wa miaka mingapi. Asikandwe, asichuliwe, asivutwe mguu. Ncha za mfupa ni kali, na kila mvuto huzisukuma kwenye misuli, neva na mishipa ya damu. Aliyevunjika katikati ya paja anaweza kupoteza lita 1 hadi 1.5 za damu humo humo ndani, pasipo tone kuonekana nje.

Tukisubiri siku mbili tatu tuone hali?
Siku hizo mbili ndizo ambazo mzee aliyevunjika nyonga anapaswa awe ameshafanyiwa upasuaji. Bado tunaletewa wagonjwa hospitalini wiki kadhaa baadaye, paja linang'aa mafuta ya kuchulia, mgongo una vidonda vya kulala na kifua kimeshapata nimonia, halafu ndugu wanauliza kwa nini matibabu yamekuwa magumu.

Njiani kwenda hospitali tufanye nini?
Wekeni nguo laini katikati ya miguu, mfunge ule ulioumia pamoja na mzima, kisha mbebeni akiwa amelala, wala si kwa kumkalisha kwenye pikipiki. Mfupa ukiwa umetokeza nje, ufunikeni kwa kitambaa safi bila kuurudisha ndani. Msimpe chakula, kwani huenda akahitaji dawa ya usingizi saa hizo hizo.