Kioo cha rangi: rangi iko ndani, haikupakwa

Dirisha la vioo vya rangi ni picha iliyoungwa kwa vipande vingi vya kioo, kila kipande kikishikwa pembeni na ukanda wa madini ya risasi. Wengi hudhani vioo hivyo vimepakwa rangi. Sivyo. Rangi hutiwa kioo kikiwa bado uji wa moto tanurini: kobalti hutoa bluu, manganizi hutoa zambarau, shaba hutoa nyekundu. Nyekundu ya shaba hukolea mno, hata kioo kizima kikiwa chekundu huonekana cheusi. Kwa hiyo mafundi huvika kioo cheupe utando mwembamba tu wa wekundu.

Kinachochorwa kwa brashi ni mistari ya uso, vidole na mikunjo ya nguo, kwa unga wa kioo na oksidi ya chuma, kisha huchomwa kwenye nyuzi 650 hivi za Selsiasi hadi ushikane na kioo. Dawa yenye madini ya fedha, ikipakwa upande wa nyuma na kuchomwa, huzama na kuacha umanjano. Ndivyo nywele za dhahabu na uso mweupe hukaa kwenye kipande kimoja.

Ukanda wa risasi ukikatwa una umbo la herufi H. Maungio hutiwa lehemu pande zote mbili, halafu puti ya chaki na mafuta ya kitani husuguliwa chini ya kingo zake. Bila puti, mvua hupenya na vioo hugongana. Risasi ni laini, hivyo dirisha kubwa lisipofungwa kwenye vyuma vya kukingama hutuna tumbo.

Karne ya 19 ndiyo iliyorudisha uhai wa kazi hii Uingereza. Kioo cha viwandani kilikuwa laini na sawasawa mno. Mwanga ulipita moja kwa moja na dirisha likapooza. Mwanasheria Charles Winston alichunguza vioo vya kale, na kampuni ya James Powell jijini London ikaanza kutengeneza vyenye mapovu na unene usiolingana, ambamo mwanga huvunjika na kumeta. Kampuni ya mbunifu William Morris, iliyoanzishwa 1861, ilitengeneza madirisha ya makanisa na ya nyumba. Tazama madirisha ya mchoraji wake, Edward Burne-Jones, katika kanisa la St Philip, Birmingham: mistari ya risasi hufuata mikunjo ya kanzu, nayo inakuwa sehemu ya mchoro.

Palikuwa na kosa moja la kuumiza. Baadhi ya warsha ziliongeza boraksi, aina ya chumvi ya madini, kwenye rangi ya kuchorea ili iyeyuke kwa moto mdogo. Boraksi huliwa na unyevu. Miaka ikapita, nyuso zikafutika, kanzu zikabaki.