Ukienda kusoma Ujerumani: anwani kwanza, mengine yatafuata

Mwanafunzi anaweza kushuka Frankfurt akiwa na viza, barua ya chuo na pesa za mwaka mzima benki, kisha akakaa mwezi na zaidi bila kugusa hata senti ya pesa hizo. Zimo kwenye Sperrkonto, ile akaunti iliyozuiwa ambayo ubalozi huidai kabla ya kutoa viza. Kiwango chake tangu Septemba 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka, nazo hutoka kidogo kidogo, euro 992 kila mwezi. Ili zianze kutoka unahitaji akaunti ya kawaida, Girokonto. Benki nyingi hazifungui Girokonto mpaka uonyeshe hati ya kusajiliwa makazi. Usajili huo unadai karatasi kutoka kwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba hatoi funguo mpaka umlipe kodi na dhamana. Umerudi pale pale: pesa.

Kwa hiyo uwe na euro 1,500 hadi 2,000 nje ya akaunti hiyo iliyozuiwa, pesa unazoweza kuzitoa siku ile ile unayofika. Kadi ya benki ya nyumbani inafaa, ila kabla ya safari nenda tawini uhakikishe imefunguliwa kwa matumizi ya nje na ujue kikomo chake cha siku. Laini yako ya simu nayo iwe na huduma ya kutumika ng'ambo. Wengi hukwama hapa: pesa zipo, kadi ni nzima, lakini namba ya siri ya kuthibitisha malipo inatumwa kwenye laini iliyozimika.

Usajili wa makazi unaitwa Anmeldung. Sheria inakupa wiki mbili kuanzia siku unayohamia, na kuchelewa kunaweza kukutoza faini. Unakwenda ofisi ya manispaa na pasipoti, fomu, na ile karatasi ya mwenye nyumba, Wohnungsgeberbestätigung. Mkataba wa kupanga hauchukui nafasi yake, na kosa hili hurudiwa kila muhula. Karatasi hiyo ni ya ukurasa mmoja: jina na anwani ya anayekupa nyumba, anwani ya nyumba yenyewe, tarehe ya kuhamia, majina ya wanaohamia. Mwenye nyumba analazimika kisheria kukupa. Ukiona tangazo la chumba limeandikwa kwamba Anmeldung haiwezekani, achana nalo hata kama bei ni nzuri. Chumba hicho kitakulaza tu, hakitakufungulia benki wala kibali cha ukaazi. Katika miji mikubwa kama Berlin miadi ya manispaa huisha haraka, basi ikamate mtandaoni mara tu unapojua tarehe ya kuhamia, na tunza uthibitisho wa siku uliyoiomba.

Kwenye fomu kuna swali la dini, na Walutheri na Wakatoliki wengi hulijibu bila kujua linaelekea wapi. Jibu lako huingia kwenye kumbukumbu za kodi. Utakapoanza kupata kipato kinachotozwa kodi, kanisa nalo litapata sehemu yake: asilimia 8 ya kodi ya mapato ukiwa Bavaria au Baden-Württemberg, asilimia 9 kwingineko. Mwanafunzi wa kipato kidogo huwa hakatwi kitu. Mwajiriwa mpya huishangaa hati yake ya kwanza ya mshahara.

Kuhusu nyumba yenyewe, soma bei mara mbili. Kaltmiete, "kodi baridi", ni ya kuta tupu. Warmmiete hujumlisha gharama za jengo na kwa kawaida joto, lakini umeme na intaneti mara nyingi viko nje yake, hivyo uliza. Dhamana haizidi Kaltmiete ya miezi mitatu, na una haki ya kuilipa kwa mafungu matatu. Kama Kaltmiete ni euro 350, dhamana haipiti euro 1,050, na mwanzoni unaweza kutoa 350 tu. Anayekuambia yuko nje ya nchi, umtumie dhamana naye atakutumia funguo kwa posta, ni tapeli. Nafasi salama zaidi ni hosteli za Studierendenwerk, shirika la huduma kwa wanafunzi. Omba siku unayopata barua ya chuo, kwa sababu foleni katika miji kama München huweza kupita muhula mzima.

Sasa njoo mlangoni, kwenye masanduku ya barua. Ujerumani bado ni nchi ya bahasha. Kadi ya benki huja kwa posta na namba yake ya siri huja kwa bahasha nyingine, siku nyingine. Kadi ya bima huja kwa posta. Namba ya kodi ya tarakimu 11, ambayo mwajiri ataitaka, nayo huja kwa posta wiki chache baada ya Anmeldung. Tarishi hatazami namba ya chumba. Anatafuta jina, na asipoliona anairudisha barua ilikotoka. Anwani zao kwa kawaida hazina hata namba ya chumba. Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla ya kufungua sanduku la nguo, andika jina kwenye sanduku la barua na kwenye kengele. Hapa wenye majina matatu hukosea: wanabandika jina wanaloitwa nyumbani, wakati benki imeandika lililo kwenye mstari wa jina la ukoo katika pasipoti. Bandika hilo la pasipoti. Kama umepanga kwa mpangaji mwenzako, ongeza c/o na jina lake kwenye anwani unayowapa watu.

Ikija bahasha ya njano yenye tarehe iliyoandikwa kwa mkono, ifungue siku hiyo hiyo. Hiyo ni barua rasmi ya ofisi au mahakama, na muda wa kujibu huhesabiwa tangu ilipotumbukizwa kwenye sanduku, si tangu ulipoisoma. Barua nyingine inayotupwa kwa kudhaniwa ni ya utapeli ni ya Rundfunkbeitrag, mchango wa redio na televisheni: euro 18.36 kwa mwezi kwa kila makazi, uwe na televisheni au usiwe nayo. Mkiishi watu wanne katika nyumba moja, mmoja hulipa na wengine mnamchangia. Ukinyamaza, deni linakua.

Bima ya afya ya umma kwa mwanafunzi ni karibu euro 150 kwa mwezi na hupatikana mpaka umri wa miaka 30. Bila bima chuo hakikuandikishi. Kampuni ya bima ndiyo inayokitaarifu chuo moja kwa moja kwa njia ya kielektroniki. Tahadhari moja: ukijitoa mwanzoni ili uchukue bima binafsi ya bei ya chini, kwa kawaida huwezi kurudi kwenye ya umma mpaka umalize masomo hayo.

Viza ya kuingilia mara nyingi ni ya miezi mitatu, na miadi ya ofisi ya wageni inaweza kupatikana baada ya hapo. La muhimu ni ombi la kibali cha ukaazi liwe limefika kabla viza haijaisha. Hapo ofisi inaweza kukupa Fiktionsbescheinigung, karatasi inayoonyesha kuwa uhalali wako unaendelea wakati unasubiri.

Kazi unaruhusiwa siku nzima 140 au nusu siku 280 kwa mwaka. Weka hesabu yako mwenyewe. Kazi ya kujiajiri haimo humo bila idhini maalumu, hata ile ya kusambaza chakula kwa baiskeli kama huna mkataba wa ajira.

Saa nazo zina mtego kwa Mswahili. Halb acht si nane na nusu ya kizungu. Mjerumani hutaja nusu ya kuielekea saa inayokuja, kwa hiyo ni saa 1:30 asubuhi. Ratiba ikiandika 10 c.t., mhadhara unaanza saa 4:15, ikiandika s.t., ni saa 4 kamili. Na mtihani una usajili wake, tofauti na wa somo. Hukujisajili ndani ya tarehe, hufanyi, hata kama hukukosa kipindi hata kimoja. Vyuo vingi hutoa majaribio matatu. Ukishindwa la mwisho katika somo la lazima, fani hiyo inaweza kufungwa kwako katika vyuo vingine vya nchi hiyo pia.

Chumba cha kwanza ni nadra kuwa cha mwisho. Ukihama, wiki mbili za Anmeldung zinaanza upya, na posta hukuhamishia barua ukilipia huduma yake. Agiza huduma hiyo wiki moja kabla, na jina lako likae kwenye sanduku jipya kabla godoro halijapandishwa ngazi.