Kujitenga kwa fahari hakukuwa kujifungia

Tangu Waingereza wapige kura ya kutoka Umoja wa Ulaya mwaka 2016, msemo "kujitenga kwa fahari" umekuwa ukitumiwa ovyo. Nchi ikifunga mpaka au ikisusia kikao, huambiwa imejitenga kwa fahari kama Uingereza ya Lodi Salisbury, Waziri Mkuu wake wa mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Salisbury hakufunga mlango wowote.

Maana ya msemo huo ni fupi: kukataa, wakati wa amani, mkataba unaoilazimu nchi kuingia vitani kwa ajili ya nchi nyingine.

Tena msemo wenyewe haukutoka kinywani mwake. Januari 1896 Uingereza ilikuwa imebanwa. Marekani ilikuwa ikiivimbia kwa sababu ya mpaka kati ya Venezuela na koloni la Uingereza la Guiana, na Kaisari wa Ujerumani alikuwa amempelekea Rais Kruger wa Transvaal, jamhuri ya Makaburu kusini mwa Afrika, simu ya maandishi ya kumpongeza kwa kuwashinda wavamizi walioongozwa na Mwingereza Jameson. Hapo ndipo George Foster, mwanasiasa wa Kanada, aliposimama bungeni Ottawa akasema kwamba dola mama imesimama peke yake Ulaya, na imesimama kwa fahari. Siku chache baadaye Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni, akayarudia maneno hayo London, na magazeti yakayadaka. Yalikuwa maneno ya kutiana moyo katika siku mbaya. Kuyabandika juu ya utawala mzima wa Salisbury kulikuja baadaye.

Na utawala huo haukutulia. Robert Cecil, Markizi wa tatu wa Salisbury, mzaliwa wa ukoo uliomtumikia Malkia Elizabeth wa Kwanza, aliingia bungeni 1853, akahamia Bunge la Mabwanyenye baba yake alipofariki 1868, kisha akawa Waziri Mkuu mara tatu kati ya 1885 na 1902, muda mwingi akiishika mwenyewe wizara ya mambo ya nje. Mwaka 1887 alielewana na Italia na Austria-Hungaria kuhusu Mediterania. Mwaka 1890 aliwapa Wajerumani kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini, nao wakaiachia Witu, kwenye pwani ya Kenya ya leo, na kuitambua himaya ya Uingereza juu ya Zanzibar. Agosti 1896, mwaka uleule wa msemo, manowari za Kiingereza zililipiga kwa mizinga kasri la Sultani mjini Unguja. Nani pale Forodhani angesema Uingereza imejitenga?

Kinachochanganywa ni maelewano na ahadi ya vita. Ya kwanza Salisbury aliyafanya kila alipoona faida. Ya pili aliikwepa, na sababu yake ilikuwa nzito kuliko kiburi cha kikabaila anachosingiziwa. Aliona kwamba katika nchi inayotawaliwa na bunge, waziri wa leo hawezi kuapa kwamba wapiga kura wa kesho watakubali kupigana vita vya wengine. Januari 1902, akiwa bado Waziri Mkuu lakini wizara ya mambo ya nje ikiwa mikononi mwa Lodi Lansdowne, serikali yake ilitia saini muungano na Japani. Huo ulikuwa na ahadi ya vita ndani yake, naye aliupokea kwa mashaka.

Kwa hiyo serikali inayosusia vikao na kufunga mipaka tuseme imejifungia, neno hilo linatosha. Inayofanya biashara na kila mtu, ikijadiliana na kila mtu, ila haitaki kufungwa na vita vya jirani, hiyo ndiyo iliyo karibu na Salisbury.