Picha ambayo macho hayakuiona

Mgonjwa amelala ndani ya mashine ya MRI, inayopiga picha za ubongo kwa sumaku, kichwa kimewekewa sponji pande zote asitikisike. Picha zinampitia mbele ya macho. Mojawapo ni ya kokeni, nayo hukaa milisekunde 33 tu, kama sehemu moja ya thelathini ya sekunde, kabla ya kufunikwa na nyingine ya kawaida. Ukimwuliza kaona nini, atakutajia ile ya pili, lakini amigdala yake, kijisehemu cha ndani ya ubongo kinachotambua upesi mambo ya hofu na ya raha, imeshaamka.

Hayo waliyaonyesha mtafiti Anna Rose Childress na wenzake huko Philadelphia, Marekani, mwaka 2008, kwa wanaume 22 waliokuwa wakitibiwa uraibu wa kokeni. Wale ambao ubongo wao uliitikia kwa nguvu zaidi ndio waliovutiwa zaidi na picha hizo zilipoonyeshwa wazi siku mbili baadaye.

Mimi kazi yangu ni kusoma picha za namna hii, na ninachokitafuta hasa ni mawasiliano kati ya sehemu za ubongo. Oksijeni katika damu ya ubongo hupanda na kushuka polepole. Sehemu mbili zikipanda na kushuka pamoja, hata mtu akiwa amepumzika tu, tunasema zimeungana. Mtafiti Bharat Biswal alilithibitisha hilo mwaka 1995 kwa sehemu zinazoendesha mikono. Kwa watumiaji wa kokeni, muungano kati ya sehemu za nyuma ya paji la uso, zinazopima na kuzuia, na zile za ndani zenye uchu, mara nyingi hukutwa umebadilika. Umebadilikaje? Hapo tafiti zinapishana: nyingine zinaukuta umelegea, nyingine umekaza. Kwa hiyo usimwamini anayedai picha moja ya ubongo itamtambua atakayerudia kokeni.

Mtafiti Nora Volkow naye, mwaka 2006, aliwaonyesha waraibu video ya watu wakitumia kokeni. Dopamini, kemikali ya ubongo inayosukuma hamu, iliongezeka katika sehemu ya mazoea, ile inayokuwezesha kufunga kamba za viatu huku mawazo yako yako mbali.

Ndiyo maana huumia nikisikia ndugu wakisema, "Kakaa miezi miwili hajagusa, kapona huyo. Akirudia, katufanyia makusudi." Mwaka 2001 ilionekana kwa panya kwamba uchu unaoamshwa na kichocheo, yaani kitu kinachokumbusha kokeni, huongezeka wiki hadi wiki baada ya kuachishwa kokeni. Miezi miwili yaweza kuwa ndiyo wakati wa hatari.

Dawa iliyoidhinishwa ya kutibu uraibu huu bado hakuna, kwa hiyo mimi huanza kwa kumwuliza mgonjwa: unapita njia gani, namba ya nani bado imo kwenye simu? Mgonjwa mmoja aliniambia kinachomtoa jasho ni noti mpya, maana ndiyo aliyokuwa akiikunja iwe mrija wa kuvutia kokeni puani. Siku hizi mkewe humchenjia pesa. Mfukoni hubeba noti kuukuu na sarafu.