AOA Black walikuwa bendi: dhana potofu ninazozisikia kila ninapofunga vyombo

Vikundi vya vijana wanaocheza K-pop, muziki wa pop wa Korea Kusini, hunikodi mitambo ya sauti kwa matamasha yao, na mazungumzo hufika palepale kabla sijamaliza kutandaza nyaya. Wakiitaja AOA, kundi la wasichana la Korea Kusini, na AOA Black, bendi iliyotoka ndani yake, hakosi mmoja aliyewaona kwenye runinga wa kusema: "Ila fundi, ile AOA Black ilikuwa maigizo. Gitaa halina hata waya!" Wenzake wanaitikia, na hukumu imeshatoka. Nimelijibu hili kwa mdomo mpaka sauti imekauka, kwa hiyo sasa naliandika.

Kwa walioingia K-pop juzi: AOA walianza Agosti 2012 kwa wimbo "Elvis", chini ya kampuni ya FNC Entertainment ya Seoul. Walikuwa wanane. Julai 2013 watano kati yao walitoa "Moya" kwa jina la AOA Black. Choa aliimba na kushika gitaa, Jimin gitaa, Yuna kinanda, Mina besi, Youkyung dramu. Baada ya singo hiyo moja, jina la AOA Black halikutoa nyingine.

Dhana: gitaa halina waya, kwa hiyo hawajui kupiga

Waya haipo, hapo mmeona sawasawa. Lakini kukosekana kwake kunawaeleza namna runinga ya Korea Kusini inavyofanya kazi. Uwezo wa vidole vya Mina kwenye besi hauonekani hapo hata kidogo.

Fikirieni vipindi vya muziki vya kila wiki: Music Bank ya KBS, Show! Music Core ya MBC, Inkigayo ya SBS, M Countdown ya Mnet. Programu moja ina wasanii wengi, huyu akiteremka yule anapanda. Sasa leteni bendi ya watu watano inayopiga laivu. Dramu peke yake inataka maikrofoni saba au nane: ya kiki, ya sneya, moja kwa kila tomu, mbili za juu kwa ajili ya matoazi. Ongezeni amplifaya za magitaa, laini ya besi, laini mbili za kinanda, na monita (spika za kujisikia wenyewe) za watu watano ambao kila mmoja anataka kusikia kitu chake. Nikiwa na wasaidizi wazuri na bendi inayojua inachotaka, kupima sauti kwa namna hiyo kunanichukua nusu saa, na hapo nimekimbia. Kipindi cha runinga chenye foleni ya wasanii hakina nusu saa ya kumpa mtu mmoja.

Kuna kamera pia, na hili wengi hawajawahi kulifikiria. Maonyesho mengi ya vipindi hivyo hurekodiwa kabla ya kipindi kwenda hewani. Wimbo hurudiwa mara kadhaa, kisha mhariri anachukua kipande cha mara ya kwanza, anaunga na cha mara ya tatu, anarudi kwenye cha pili. Bendi inayopiga kweli haiwezi kurudia wimbo kwa mwendo uleule hadi nukta ya mwisho. Mpiga dramu akitangulia kidogo tu, picha ya mkono wake haitakutana na mlio unaosikika. Rekodi ikiwa moja, vipande vyote vinaungana bila tatizo.

Jambo la tatu ni la fizikia tupu. Dramu halisi ikipigwa kwa nguvu ndani ya studio, mlio wake unaingia kwenye maikrofoni ya mwimbaji aliyesimama mita mbili mbele yake. Ukipandisha sauti ya mwimbaji, umepandisha na matoazi. Jukwaani tunapambana nalo kwa kupanga nafasi, kwa vioo vya kukingia dramu, kwa muda wa kutosha wa majaribio. Studio ya runinga huchagua njia fupi: mwimbaji aimbe laivu, vyombo vitoke kwenye rekodi, mikono ya wapigaji ifuatishe. Ndiyo maana sauti ya kuimba inaweza kuwa halisi kabisa huku gitaa likiwa halijachomekwa popote. Mambo hayo mawili yanakaa pamoja bila udanganyifu wowote.

Tena hawakufanyiwa hivyo AOA Black peke yao. CNBLUE, bendi ya wanaume, kaka zao wa kampuni hiyohiyo, walipoanza Korea Januari 2010 walirushiwa lawama hiihii. Wale walikuwa wametoka Japani, ambako mwaka 2009 walikuwa wakipiga mitaani na kwenye kumbi ndogo za muziki wa laivu. Tokeni Korea kabisa: Nirvana, bendi ya rock ya Marekani, walipopanda Top of the Pops, kipindi cha muziki cha BBC ya Uingereza, mwaka 1991, utaratibu wa kipindi ulikuwa huohuo, vyombo kwenye rekodi na sauti laivu. Mwimbaji wao, Kurt Cobain, alichukia, akaimba kwa sauti nzito ya kuburuza na kuparaza gitaa bila kujali, ili kila mtazamaji aone kwamba halitoi mlio. Hakuna aliyetoka pale akidai Nirvana hawajui kupiga. Mabinti watano wa Seoul wakiwekwa kwenye mpango huohuo, mnasema ni waongo. Hapo ndipo ninapokasirika, kwa sababu kipimo kimebadilika bila sababu ya kimuziki.

Runinga ya Korea ilikuwa pia na kidonda chake na bendi. Tarehe 30 Julai 2005, katika kipindi cha moja kwa moja cha Music Camp cha MBC, wanaume wawili waliopanda na bendi ya punk iitwayo Rux walivua nguo mbele ya kamera. Kipindi kikafutwa, na bendi za Hongdae, mtaa wa Seoul wenye bendi nyingi, zikabeba mzigo wa kosa la wawili hao kwa muda mrefu. Sisemi kwamba nyaya zilichomolewa siku ile. Nasema msishangae watayarishaji walipotaka kila kitu kidhibitiwe.

Basi bendi ipimwe wapi? Mahali inapopewa muda wa kufunga vyombo. Space Gonggam ya EBS, iliyoanza 2004, ni kipindi cha ukumbi mdogo na wapigaji wanasikika walivyo. Yoo Hee-yeol's Sketchbook ya KBS, kuanzia 2009 hadi 2022, nayo ilikuwa na nafasi ya bendi kupiga kweli. Tafuteni pia rekodi za matamasha yao wenyewe, hasa zile zilizochukuliwa na mashabiki kwa simu, maana hizo hazijapitia studio. Sikilizeni mwisho wa wimbo. Bendi inayopiga kweli haimalizi sawasawa kila mara, na toazi la mwisho linaendelea kulia mpaka mtu alishike kwa mkono. Sikilizeni pia kama mwendo unapanda kidogo kwenye kiitikio. Mpiga dramu mwenye damu mwilini hupandisha.

Na tafadhali, msibadilishe kosa hili kwa jingine. Kuna anayesikia sauti ya kinanda isiyo na mpigaji, kisha anatangaza kwamba tamasha zima ni pleibeki, yaani rekodi tupu. Bendi nyingi za leo hupiga sambamba na kompyuta inayotoa milio ya ziada, na mpiga dramu ana metronomu, mlio wa kuhesabu mapigo, sikioni ili wote wabaki ndani ya mwendo wa mashine. Hiyo ni kazi ngumu kuliko kupiga bila kitu. Wapigaji wengi wazuri ninaowafungia vyombo hushindwa kuimudu siku ya kwanza.

Dhana: video za kuondoa muziki zinaonyesha ukweli wote

Hazionyeshi. Wakorea huita MR ule muziki wa nyuma usio na sauti ya mwimbaji, na mashabiki huchukua sauti ya runinga, wakaitoa MR kwa programu, wakabaki na kinachodaiwa kuwa sauti tupu. Utoaji huo hufanya kazi vizuri pale tu nakala mbili zinapolingana kabisa. Runinga imeshabana sauti, imeongeza mwangwi, imechanganya kelele za mashabiki. Kinachobaki ni sauti iliyochubuliwa, na kwa vyombo haina ushahidi wowote, kwa kuwa vyombo ndivyo vilivyotolewa. Msiniletee video hizo tena.

Dhana: Black ilikuwa wazo la kubahatisha, likaongezwa baadaye

Kinyume chake. AOA walipoanza 2012 waliitangaza "Elvis" kwa sura mbili, ya kucheza na ya kupiga vyombo. Youkyung aliingizwa tangu mwanzo kwa ajili ya dramu. Katika hadithi ya malaika ambayo kampuni iliwatungia, yeye alikuwa nusu malaika na nusu binadamu, na katika sura ya kucheza walibaki saba bila yeye. Jina la Black lilikuja 2013, lakini bendi ilikuwa ndani ya mpango.

Ingeshangaza isingekuwamo. FNC ilianzishwa 2006 na Han Seong-ho, na kundi lake la kwanza, FTISLAND la mwaka 2007, lilikuwa bendi. Likafuata CNBLUE. Kwa nyumba hiyo kundi la kucheza ndilo lililokuwa jambo jipya, na AOA walikuwa wasichana wa kwanza kuundwa humo kama kundi.

Dhana: Wonder Girls ndio wasichana wa kwanza wa Korea kushika vyombo

Wonder Girls, kundi jingine la wasichana wa Korea, walirudi Agosti 2015 wakiwa bendi katika albamu ya "Reboot", Sunmi akiwa kwenye besi na Yubin kwenye dramu. Ilikuwa kazi nzuri sana na naipenda. Lakini "Elvis" ilitangulia kwa miaka mitatu. Ukitaka mzizi hasa, nenda kwa Kim Sisters: Sook-ja, Ai-ja na binamu yao Min-ja, waliokuwa wakiimba kwenye kambi za wanajeshi wa Marekani baada ya vita vya Korea. Mwaka 1959 walivuka kwenda Las Vegas, na baadaye wakawa wageni wa mara kwa mara wa Ed Sullivan Show, kipindi cha runinga cha Marekani, wakibadilisha ala moja baada ya nyingine mbele ya watazamaji. Mama wa hao dada wawili alikuwa Lee Nan-young, mwimbaji mashuhuri tangu miaka ya 1930. Mkorea wa kike mwenye ala mkononi ana historia ya zaidi ya miaka sitini, na QWER, bendi ya wasichana walioanza 2023, hawakuzuka kutoka hewani.

Dhana: AOA Black walisimamishwa kwa sababu walishindwa kupiga

Hakuna aliyewahi kunionyesha ushahidi wa hili. Tazameni kalenda badala yake. "Moya" ilitoka Julai 2013. Januari 2014 AOA walitoa "Miniskirt", wimbo wa kucheza uliotengenezwa na mtayarishaji Brave Brothers, na ndio uliowapa kombe lao la kwanza, lile la wimbo wa wiki, kwenye vipindi vya runinga. Mwaka huohuo zikafuata "Short Hair" mwezi Juni na "Like a Cat" mwezi Novemba. Kundi likishashika njia inayolipa, mwenye kampuni hatoi miezi ya mazoezi kwa njia nyingine. Hayo ni maoni yangu, lakini mfuatano wa tarehe ni wa kweli na kila mtu anaweza kuukagua.

Bendi inahitaji muda kuliko kundi la kucheza, na mifano imo humohumo FNC. N.Flying, bendi ya wanaume, walianza rasmi Korea Mei 2015. Wimbo wao "Rooftop", uliotungwa na Lee Seung-hyub wa kundi lenyewe, ulitoka Januari 2019 na ukapanda taratibu mpaka kileleni mwa chati. Hiyo ni karibu miaka minne ya kupiga bila kombe. DAY6, bendi ya kampuni nyingine, JYP, walitoa "You Were Beautiful" mwaka 2017, na wimbo huo ukarudi juu ya chati za Korea mwaka 2024. AOA Black walipewa singo moja. Mkataba wa Youkyung na FNC ulikwisha Oktoba 2016 na akaondoka, na kundi hilo dogo likapoteza mpiga dramu wake.

Kwa hiyo mtu asiniambie tena kwamba walijaribiwa wakafeli.

Kwa kikundi kinachotaka kuipiga "Moya" kwa vyombo vyake, naomba mambo machache kabla hamjanipigia simu. Tafuteni mpiga dramu na mpiga besi kwanza, wafanye mazoezi wawili peke yao kwa metronomu mpaka wimbo utembee bila gitaa wala kuimba. Mpiga kinanda aje na nyaya zake mbili na adapta ya umeme, maana hiyo ndiyo husahaulika kila mara. Waimbaji wazoee kuimba dramu ikiwa inapigwa nyuma yao, mazoezi ya kwenye simu hayatoshi. Na siku ya onyesho mfike mapema, muda wa saa mbili nzima kabla ya watu kuingia.