Eti kutenganisha taka ni kazi bure?

Hapa Tanga ukimwambia mtu atenganishe taka anakujibu "ya nini, si gari likija linabeba zote pamoja?" Kweli gari linachanganya, hapo sibishi. Ila nani kakwambia gari ndo linarejeleza? Gari linapeleka dampo basi. Chupa ya plastiki inaokolewa kabla ya hapo, na wale waokota makopo tunaowafukuza getini, wao wanauza kwa kilo kwa mnunuzi, ye anapeleka mbele ikasagwe.

Sasa chupa ikishalala na maganda ya embe na mchuzi wa juzi, nani ataihangaikia? Mama mmoja jirani huku Ngamiani kaning'iniza kiroba tu nyuma ya mlango wa jikoni, chupa anaisuuza, anaikanyaga, anatupia humo, kikijaa anamwita kijana wa makopo. Kazi imeisha.

Halafu kifuniko na chupa si plastiki moja, kata vipande utie kwenye ndoo ya maji uone, cha kifuniko kinaelea cha chupa kinazama, ndo maana huko mbele wanavitenga. Na msichome jamani, ule moshi ni sumu na nguo zangu ziko kambani.